Chang'ombe imekwama wapi? Jinsi ya kutafuta hitilafu pale amri inaposoma faili lako vibaya

Faili lilikuwa na majina matano tu ya kata za Temeke. Nilitaka kila kata ipate folda yake, nikaandika amri moja fupi, nikabonyeza Enter. Zikatoka folda nne, na mbili kati ya hizo sikuwa nimeziomba. Chang'ombe haikuwepo. Tandika nayo haikuwepo. Badala yake nilikuta folda inayoitwa `Mbagala` na nyingine inayoitwa `Kuu`.

Faili lenyewe, `kata.txt`, lilikuwa hivi:

```
Azimio
Keko
Mbagala Kuu
Chang'ombe
Tandika
```

Na amri ilikuwa hii, ambapo `xargs` inasoma orodha na kuipa `mkdir`, amri ya kutengeneza folda, jina moja kwa wakati:

```
xargs -n 1 mkdir < kata.txt
```

Jioni ile yote iliishia hapo, kwa sababu nilianza kubadilisha amri kabla ya kutazama kilichokuwa kinaingia ndani yake. Njia ninayoeleza hapa ndiyo ninayoifuata sasa kila amri ya teminali inaponipa majibu yasiyolingana na faili nililoipa. Mifano ni ya Bash kwenye Linux. Pale Mac inapotofautiana, nitasema.

Hatua ya 1: Weka nakala, kisha iondoe amri inayofanya kazi halisi

Nakili faili lako kwanza, halafu fungua folda tupu ya majaribio. Hili usiliruke. Ukiwa unatafuta hitilafu utarudia amri ileile mara nyingi, na kila mara itaacha uchafu wake: folda zisizotakiwa, mafaili yaliyohamishwa, na ikiwa amri yenyewe ni `rm`, ya kufuta mafaili, basi hasara isiyorudishika.

Sasa toa `mkdir` na uweke amri isiyoharibu kitu, ambayo kazi yake ni kukuonyesha ilichopokea tu:

```
xargs -n 1 printf '[%s]\n' < kata.txt
```

Mabano ya mraba yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Yanakuonyesha kila kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi, hata kama mwishoni mwake kuna nafasi ambayo jicho halioni. Jibu nililopata:

```
[Azimio]
[Keko]
[Mbagala]
[Kuu]
xargs: unmatched single quote; by default quotes are special to xargs unless you use the -0 option
```

Tayari tumejua mengi. `mkdir` haina kosa, kwa sababu haipo tena na tatizo bado lipo. `Mbagala Kuu` imekatwa vipande viwili kabla haijamfikia mtu yeyote. Halafu kuna ujumbe wa hitilafu, ambao unasema kuna alama ya nukuu iliyofunguliwa na haijafungwa, na kwamba `xargs` huzipa alama za nukuu maana maalumu mpaka uiambie vinginevyo. Kwenye Mac utakuta maneno machache zaidi: `xargs: unterminated quote`.

Nakuomba usome ujumbe wa hitilafu hadi neno la mwisho. Mimi siku ile nilisoma maneno matatu ya mwanzo, nikaanza kutafuta nukuu ndani ya amri yangu. Dawa ilikuwa imeandikwa pale pale, mwishoni mwa sentensi.

Hatua ya 2: Mfikie mstari wenye kesi

Faili la mistari mitano unaweza kulisoma kwa macho. La mistari elfu nne huwezi. Likate nusu: ipe amri mistari elfu mbili ya kwanza kwa `head -n 2000`. Ikipita salama, tatizo liko nusu ya pili. Kata tena. Kwa kukata hivi, mistari elfu nne inakwisha kwa majaribio kumi na mawili hivi. Ukishaupata, utoe peke yake:

```
sed -n '4p' kata.txt
```

Kuna jambo hapa linalowapoteza watu. Mstari wa mwisho uliofanya kazi si lazima uwe mzima. `Mbagala Kuu` haikutoa hitilafu yoyote, lakini imeharibika kuliko hata Chang'ombe, kwa kuwa imepita kimyakimya. Kwa hiyo ukishaupata mstari unaopiga kelele, rudi uitazame na ile iliyonyamaza.

Hatua ya 3: Tazama baiti

Teminali inakuonyesha herufi zilizopambwa. Programu inasoma baiti. Hitilafu nyingi za usomaji zinajificha katikati ya hivyo viwili. Amri ya kuzitazama ni `od`:

```
sed -n '4p' kata.txt | LC_ALL=C od -c
```

```
0000000   C   h   a   n   g   '   o   m   b   e  \n
0000013
```

`LC_ALL=C` inailazimisha `od` ionyeshe kila baiti peke yake, jambo linalosaidia hasa kwenye Mac. Namba za pembeni ni za mfumo wa tarakimu nane, ndiyo maana baiti kumi na moja zinaandikwa 13.

Hapa jina ni safi: herufi tisa, ritifaa (alama ya `'`) moja ya kawaida, na `\n` inayofunga mstari. Lakini fanya hivyohivyo kwa faili lililoandikwa kwenye simu au kwenye programu ya kuandikia barua, na mara nyingi utaona hivi:

```
0000000   C   h   a   n   g 342 200 231   o   m   b   e  \n
0000015
```

Ritifaa imekuwa baiti tatu. Programu imeipinda ikawa ile alama ya mviringo, kwa kudhani unafunga nukuu. Kwa macho ni jina lilelile. Kwa kompyuta ni majina mawili tofauti: `grep "Chang'ombe"` haitalipata hili la pili hata ukirudia mara mia. Na lina uongo wake mwingine, kwa sababu `xargs` haiijali ritifaa iliyopinda. Orodha ikiwa imekusanywa na watu watatu, mmoja akaandika kwa simu, mwingine kwa Word, mwingine kwenye teminali, basi Chang'ombe mmoja atapita na mwingine atakwama, nawe utabaki unajiuliza kwa nini hitilafu inachagua watu.

Hatua ya 4: Jifunze kanuni za anayesoma

Hapa ndipo ninapoomba utumie muda wako mwingi, kwa sababu ndipo hitilafu yenyewe inapoishi. Kila amri inayosoma ina kanuni zake za kuamua kipande kimoja kinaishia wapi. `xargs`, iliyotoka Bell Labs katika Unix ya miaka ya 1970, ina kanuni hizi usipoiambia kitu: nafasi, tabo na mwisho wa mstari vyote ni mipaka, na alama tatu, yaani `'`, `"` na `\`, zina maana maalumu. Ikikutana na `'`, inaamini kuna maneno yaliyofungwa ndani ya nukuu, na inatafuta `'` ya pili kwenye mstari uleule. Isipoipata, inakoma. Ndiyo maana Tandika haikuundwa ingawa haina ritifaa: ilikuwa nyuma ya Chang'ombe.

Sasa jiulize: je, ikiipata ya pili? Jaribu:

```
echo "ng'ang'ania" | xargs printf '[%s]\n'
```

```
[ngangania]
```

Hakuna hitilafu wala onyo. Ritifaa mbili zimechukuliwa kuwa nukuu iliyofunguliwa na kufungwa, zikatupwa, na neno likatoka limebadilika sauti. Kwa Kiswahili hili si jambo dogo. *Ng* na *ng'* ni sauti mbili tofauti, na *ngoa* si *ng'oa*. Mtu anayeitwa Ng'ang'a ataingia kwenye kumbukumbu zako kama Nganga, na hakuna atakayejua mpaka siku atakapokuja kutafuta jina lake lisionekane.

Ziweke kata mbili kwenye mstari mmoja uone zinavyoungana:

```
echo "Chang'ombe Mang'ula" | xargs printf '[%s]\n'
```

```
[Changombe Mangula]
```

Temeke na Morogoro zimekuwa kitu kimoja. Nafasi iliyopaswa kuwa mpaka imejikuta ndani ya nukuu, ikalindwa.

Kwa hiyo kosa hili lina sura tatu: ritifaa moja inasimamisha kazi, mbili zinaharibu jina kimyakimya, na mbili za majina mawili zinayaunganisha. Inayosimamisha kazi ndiyo yenye heri, maana angalau inakuambia.

Usidanganyike kwamba `-I {}` inatibu hili. Inaponya nafasi tu, kwa kuwa inachukua mstari mzima kama kipande kimoja. Nukuu zinabaki na maana yake maalumu.

Hatua ya 5: Tengeneza usomaji, usiguse jina

Ushauri ambao ungeupata haraka ni kufuta ritifaa zote kwa `sed`, halafu kuendelea na maisha. Naupinga kwa moyo wote. Chang'ombe bila ritifaa si Chang'ombe. Data iko sahihi. Anayesoma ndiye aliyeelekezwa vibaya. Ukiikata lugha ili chombo kiridhike, utakuwa umeihamisha hitilafu kutoka kwenye amri ukaiweka kwenye kumbukumbu, na huko haitoi ujumbe wowote.

Dawa ni kutumia mpaka ambao hauwezi kuwa sehemu ya jina. Baiti ya sifuri ndiyo hiyo, kwa kuwa haiwezi kuwemo ndani ya jina la faili lolote kwenye Unix:

```
tr '\n' '\0' < kata.txt | xargs -0 -n 1 printf '[%s]\n'
```

```
[Azimio]
[Keko]
[Mbagala Kuu]
[Chang'ombe]
[Tandika]
```

`tr` inageuza kila mwisho wa mstari kuwa baiti ya sifuri, na `-0` inaiambia `xargs` kwamba huo ndio mpaka pekee. Nafasi, nukuu, mkwaju wa nyuma (`\`), vyote vinakuwa herufi za kawaida. Inafanya kazi Linux na Mac, na tangu toleo la 2024 la POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, `-0` imo rasmi kwenye kiwango. Kama majina yanatoka kwa `find`, iandikie `-print0` na huhitaji `tr`.

Ukishayaona mabano yote matano yamekaa sawa, ndipo urudishe kazi halisi:

```
tr '\n' '\0' < kata.txt | xargs -0 -n 1 mkdir -p --
```

Vile vistari viwili vya mwisho vinalinda dhidi ya jina linaloanza na kistari, ambalo `mkdir` ingelidhania kuwa ni chaguo.

Kama kitanzi (loop) chako kinafanya mstari wa kwanza kisha kinaacha

Huu ni ugonjwa mwingine, ila dalili zake zinafanana kiasi kwamba lazima niuseme. Una orodha ya seva, na unataka kuziuliza zote hali yake kwa `ssh`, amri ya kuendesha kazi kwenye kompyuta ya mbali:

```
while read -r seva; do
  ssh "$seva" uptime
done < seva.txt
```

Seva ya kwanza inajibu. Kisha kimya, na teminali inarudi kukusubiri kana kwamba kazi imeisha. Hakuna hitilafu iliyoandikwa. Faili lina seva kumi na mbili, na `od` inaonyesha liko safi kabisa.

Tumia mbinu ya hatua ya kwanza: weka `echo` mahali pa `ssh`. Majina yote kumi na mawili yanatoka. Basi faili liko sawa na `read` iko sawa. Tatizo linaingia pale `ssh` inapokuwemo ndani.

Sababu ni hii. Kitanzi kizima kinakula kutoka kwenye ingizo moja, yaani `seva.txt`, na kila amri iliyo ndani yake inarithi ingizo hilohilo. `read` ya Bash ina adabu: inachukua mstari wake mmoja na kuyaacha yaliyobaki. `ssh` haina habari hiyo. Inavuta kila inachokikuta kwenye ingizo ili ikipeleke upande wa pili, hata kama `uptime` haihitaji kitu. Ni kama umekaa kwenye sinia moja na mgeni: umekula tonge la kwanza, ukageuka kuagiza maji, na uliporudi sinia ni jeupe.

Mnyime mgeni sinia:

```
ssh -n "$seva" uptime
```

`-n` inaifanya `ssh` isome kutoka `/dev/null`, ambako daima hakuna kitu cha kusoma. Kwa amri isiyo na chaguo kama hilo, andika `< /dev/null` mwishoni mwake. `ffmpeg`, programu ya kuchakata video na sauti, nayo ina tabia hii, kwa kuwa inasikiliza vitufe wakati inafanya kazi. Dalili yake ni majina ya mafaili kupungukiwa na herufi za mwanzo. Iandikie `-nostdin`.

Mimi napendelea kukipa kitanzi mlango wake binafsi, ili nisilazimike kukumbuka tabia za kila amri:

```
while IFS= read -r seva <&3; do
  ssh "$seva" uptime
done 3< seva.txt
```

Sasa orodha inapitia mlango namba 3, na `ssh` inaachiwa mlango wake wa kawaida. `IFS=` inazuia nafasi za mwanzo na mwisho zisikatwe, na `-r` inazuia mkwaju wa nyuma usimezwe. Ziandike kila mara, hata pale unapodhani huzihitaji.

Mstari wa mwisho haupo, au majina yana mkia

Kwa POSIX, mstari ni herufi pamoja na `\n` inayoufunga. Faili likiishia bila `\n`, `read` inausoma mstari ule wa mwisho na kuuweka kwenye kibadilika (variable), lakini inarudisha jibu la kushindwa, na kitanzi kinatoka bila kuufanyia kazi. Utaligundua kwa `wc -l`, ambayo inahesabu `\n` tu: majina matano, yenyewe inasema 4. Badilisha mlango wa kitanzi:

```
while IFS= read -r kata || [ -n "$kata" ]; do
```

Faili lililotoka Windows linafunga mstari kwa baiti mbili, `\r\n`, urithi wa mashine za teletaipu ambazo zilikirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni kwa ishara moja na kusogeza karatasi kwa nyingine. Linux inaiona `\r` kama sehemu ya jina. `od -c` itakuonyesha `o  \r  \n` mwishoni mwa Azimio. Isafishe:

```
tr -d '\r' < kata.txt > kata-safi.txt
```

Angalia: majina ya mafaili hayo mawili lazima yatofautiane. Ukielekeza matokeo kwenye faili lilelile unalosoma, Bash italifanya liwe tupu kabla `tr` haijasoma hata baiti moja.

Na ikiwa ni jina la kwanza pekee linaloleta shida, mengine yote yako salama, tazama mwanzo wa faili kwa `head -c 16 kata.txt | LC_ALL=C od -c`. Ukiona `357 273 277`, hiyo ni alama ya UTF-8 ambayo Excel huiweka unapohifadhi CSV ya UTF-8. Ni baiti tatu, na `tail -c +4 kata.txt > kata-safi.txt` inaziruka. Hakikisha zipo kwanza, la sivyo utakata herufi tatu za jina halali.

Hatua ya mwisho: Linganisha, usihesabu tu

Folda tano kwa majina matano hazithibitishi kitu. `Ngangania` nayo ni folda moja. Linganisha majina yenyewe:

```
diff <(sort -u kata.txt) <(ls matokeo | sort)
```

Hapa `matokeo` ni folda ulimotengenezea zile za kata. Ikinyamaza, majina yote yamefika kama yalivyoondoka. Nimeweka `-u` kwa sababu `mkdir -p` hailalamiki kata ikitajwa mara mbili.

Kisha tengeneza faili dogo la mtego na ulihifadhi:

```
printf '%s\n' "Chang'ombe" "ng'ang'ania" 'Mbagala Kuu' '-mwanzo' > mtego.txt
printf 'mwisho usiofungwa' >> mtego.txt
```

Kila skripti mpya ninayoandika ya kusoma orodha huanza kwa kulipitia hili, kabla sijaipa faili la mtu.